Maisha ya Paulo Freire, Mwalimu wa Watu Wazima

Mwalimu ninayetaka kuwasimulia habari zake hakujulikana kwa kufundisha katika shule ya bweni kama hii yetu, wala wanafunzi waliompatia sifa hawakuwa watoto. Walikuwa vibarua wa mashamba, waashi, wafagiaji wa barabara na mama wa nyumbani, watu wenye mvi na wajukuu. Jina lake ni Paulo Freire, mtu wa Brazil, naye alifariki mwaka 1997, kabla ya sisi wa Kidato cha Nne kuzaliwa. Nimemchagua yeye kwa sababu walimu wengi waliowafundisha watu wazima kusoma kabla yake walianzia kwenye kitabu, lakini yeye alianzia kwenye uchunguzi. Alitaka kwanza kujua wanafunzi wake wanasema nini, wanafanya kazi gani, na ni mambo gani yanayowanyima usingizi. Somo lilifuata baada ya hapo.

Alizaliwa tarehe 19 Septemba, 1921, katika mji wa Recife, bandari kubwa ya kaskazini-mashariki ya Brazil. Sehemu hiyo ya nchi ina mashamba ya miwa karibu na pwani, na bara yake ni kavu, yenye miiba na ukame. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la polisi, na mama yake alikuwa mtu wa dini sana, Mkatoliki, mwenye ufundi wa kutarizi. Nyumba yao ilikuwa na ua wenye miembe. Chini ya miembe hiyo wazazi wake walimfundisha kusoma kabla hajaanza shule, wakiandika maneno juu ya udongo kwa vijiti, tena maneno ambayo mtoto mwenyewe alikuwa akiyatamka kila siku. Wasomaji mtaona baadaye kwamba hakuusahau udongo ule.

Mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka, na shida ikafika hadi nyumbani kwao. Paulo alipokuwa na miaka kama 10 wakahamia Jaboatão, mji mdogo nje ya Recife, na mwaka 1934 baba yake akafa. Njaa ikaingia. Jambo moja katika habari hizi lilinichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Ijapokuwa sufuria ilikuwa tupu, familia haikukubali kuiuza piano yao ya Kijerumani, wala baba katika uhai wake hakukubali kuacha kufunga tai, kwa kuwa piano na tai ndivyo vilivyowatenga na maskini wengine mbele ya macho ya majirani. Nadhani kila msomaji anaijua nyumba yenye tai ya namna hiyo.

Shuleni Paulo alirudi nyuma. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa mjinga wala mvivu, bali tumbo lilikuwa halina kitu na somo halikuingia. Hali ya nyumbani ilipopata nafuu kidogo na akaanza kula vizuri, akili nayo ikafunguka. Wakati huo alikuwa amekwisha kuchelewa, na karo ya sekondari haikuwapo. Mama yake akaenda Recife, akazunguka kutoka shule moja hadi nyingine akiomba nafasi ya bure kwa mwanawe. Alikataliwa mara nyingi, mpaka akafika katika shule iitwayo Oswaldo Cruz, ambako mkuu wa shule, Bwana Aluízio Araújo, alikubali kumpokea kijana bila karo kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba apende kusoma. Wasomaji walishike jina hilo la Araújo, maana litarudi.

Kijana akasoma hata akarudi kufundisha lugha ya Kireno katika shule ile ile. Akaingia pia Chuo Kikuu cha Recife kusomea sheria. Mwaka 1944 akamwoa Elza Maia Costa de Oliveira, mwalimu wa shule ya msingi, wakapata watoto watano. Uwakili haukudumu. Katika kesi yake ya mwanzo alitumwa kumdai daktari kijana wa meno aliyeshindwa kulipa deni la vifaa vyake vya kazi. Daktari yule alipomweleza kwamba wangeweza kumchukulia samani za nyumbani lakini si binti yake mdogo, Paulo aliona haya, akamwambia kwamba hataendelea na kesi, akarudi nyumbani na kumpa mkewe habari kuwa uwakili umekwisha. Inasemekana Bibi Elza alifurahi, kwani siku zote alimwona kuwa mwalimu.

Mwaka 1947 akapata kazi katika shirika liitwalo SESI, lililoanzishwa na wenye viwanda kwa ajili ya huduma za wafanyakazi na familia zao. Humo akawa mkuu wa idara ya elimu. Hapo ndipo uchunguzi wake unapoanza, na ulianzia kwenye jambo ambalo sisi wanafunzi tunalijua vema, yaani adhabu. Freire na wenzake waliziuliza familia kama 1,000 za wanafunzi, mjini Recife, katika mashamba ya miwa na barani, namna wanavyowaadhibu watoto wao. Majibu yalimtisha. Kulikuwa na watoto waliofungwa kwenye mti, waliofungiwa chumbani kwa saa nyingi, waliopigwa kwa kipande kizito cha mbao katika viganja, na waliopigishwa magoti juu ya punje za mahindi. Lakini pwani, kwa wavuvi, mambo yalikuwa kinyume kabisa: watoto waliachiwa uhuru mwingi, na kupigwa kulikuwa nadra. Freire alijiuliza kama bahari yenyewe na kazi ya uvuvi ndizo zinazowapa watu wale tabia hiyo.

Akiwa na majibu hayo mkononi, usiku mmoja akawahutubia wazazi wafanyakazi. Aliwaeleza madhara ya kumpiga mtoto, akawatajia mafundisho ya mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, na kwa maoni yake mwenyewe alizungumza vizuri. Alipomaliza, mtu mmoja wa miaka kama 40, lakini aliyechakazwa na kazi, akasimama. Kwanza akamshukuru kwa maneno mazuri. Kisha akamwuliza kama anajua wanakoishi watu wale, na kama amewahi kuingia katika nyumba ya mmoja wao. Halafu akaanza kumweleza Daktari Paulo nyumba yake mwenyewe, ijapokuwa hajawahi kufika: kwamba ina ua, ina chumba cha mume na mke, chumba cha watoto, chumba cha vitabu, jiko lenye vyombo vya umeme, na chumba cha mtumishi. Freire hakuwa na la kukanusha. Bwana yule akaendelea kusema kwamba ni jambo moja kurudi nyumbani umechoka ukakuta watoto wameoga, wamevaa, wameshiba. Na ni jambo jingine kurudi usiku ukakuta watoto wana njaa na wanapiga kelele katika chumba kimoja, nawe lazima uamke saa kumi alfajiri kwenda kazini. Akamaliza kwa kusema kwamba wazazi wa namna hiyo wakipiga watoto wao, si kwa sababu hawawapendi, ila maisha yamewabana.

Freire alidhoofika kitini. Walipokuwa wakirudi kwa motokaa alimlalamikia mkewe kwamba watu hawakumwelewa. Bibi Elza akamjibu kwa upole kwamba watu walimwelewa sana. Labda ni yeye ambaye hakuwaelewa.

Mimi naona usiku ule ulimfundisha kuliko chuo kikuu. Uchunguzi wa kwanza ulikuwa wa kuuliza maswali na kuhesabu majibu, kisha mtaalamu akarudi na hotuba. Kilichokosekana ni kuwasikiliza wenye nyumba wenyewe wakieleza maana ya majibu yao, na tangu hapo Freire alikwenda kutafuta hicho.

Mwaka 1961 akawekwa kuongoza idara ya Chuo Kikuu cha Recife iliyopeleka elimu nje ya chuo, na wakati ule ule alikuwa akifanya kazi katika chama cha utamaduni wa wananchi kilichoanzishwa mjini Recife mwaka 1960. Lazima nieleze hapa kwa nini kusoma kulikuwa jambo zito katika Brazil. Sheria ya nchi ile haikumruhusu mtu asiyejua kusoma na kuandika kupiga kura. Mamilioni ya watu, hasa vibarua wa kaskazini-mashariki, walikuwa wakilima, wakijenga na kuzaa, lakini siku ya uchaguzi hawakuhesabiwa. Katika jimbo la Pernambuco, anakotoka Freire, walikuwapo wapiga kura kama 800,000, na ilikadiriwa kwamba kisomo kingeweza kuwafikisha 1,300,000. Hivyo mtu aliyefundisha silabi za Kireno alikuwa pia anaongeza kura, na wenye mashamba makubwa walilijua hilo mapema.

Sasa nieleze njia yake ya kufundisha, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwanza, kikundi cha walimu kilikwenda mahali penyewe na kukaa na watu. Waliwasikiliza sokoni, kazini na barazani, wakaandika maneno waliyoyatumia, misemo yao, na hata namna yao ya kuunganisha sentensi. Katika maneno hayo mengi walichagua machache tu, kiasi cha 17 hivi. Neno halikuchaguliwa kwa sababu ni zuri. Lilitakiwa liwe na sauti ambazo zikivunjwa zitazaa maneno mengine mengi. Maneno yote pamoja yachukue sauti zote ngumu za Kireno. Na kila neno liguse jambo la kweli katika maisha ya watu wale. Katika orodha moja ya sehemu za Rio de Janeiro yamo maneno yenye maana ya mtaa wa mabanda, mvua, plau, chakula, kisima, baiskeli, kazi, mshahara, serikali, kinamasi, jembe, tofali na utajiri. Msomaji akiyatazama tu anayaona maisha ya watu hao bila kuelezwa.

Kabla ya herufi yo yote, wanafunzi walionyeshwa picha ukutani na kuzungumza. Picha kumi za mwanzo zilichorwa na msanii wa Recife, Francisco Brennand. Ya kwanza ilimwonyesha mtu shambani mwenye jembe na kitabu, na karibu yake nyumba, kisima, mti, mwanamke na mtoto. Kiongozi aliuliza: kisima hiki amekifanya nani, na mti huu je? Katika maswali hayo watu waligundua kwamba mti ni kazi ya Mungu, lakini kisima ni kazi ya mikono yao, na kwamba mtu afanyaye kisima, chungu au wimbo ni mtu wa utamaduni, hata kama hajui herufi moja. Mfagiaji wa barabara mmoja wa Brasília, baada ya mazungumzo hayo, alisema kwamba kesho yake ataingia kazini ameinua kichwa. Mashine za kutupia picha hizo ukutani ziliagizwa kutoka Poland, kwa bei kama dola 13 kila moja, na palipokosekana mashine walitumia ubao tu.

Ndipo lilipokuja neno. Tuseme neno ni *tijolo*, yaani tofali. Picha inaonyesha waashi kazini. Watu wanazungumza juu ya ujenzi, juu ya nyumba mbovu, juu ya nani anayejenga na nani anayekaa. Kisha wanaliona neno lenyewe limeandikwa chini ya picha, kisha limebaki peke yake, kisha limekatwa vipande: ti, jo, lo. Kila kipande kinaletwa na ndugu zake: ta te ti to tu, ja je ji jo ju, la le li lo lu. Mistari hiyo mitatu inawekwa pamoja, na hapo kiongozi ananyamaza. Wanafunzi wenyewe wanaanza kuokota silabi na kutunga maneno. Katika duara moja kule Brasília mtu mmoja aliokota silabi za mistari hiyo hiyo, akaziweka pamoja zikawa sentensi yenye maana kwamba wewe sasa unasoma. Hapakuwa na mtu aliyemwonyesha.

Mtu aliyesoma Darasa la Kwanza kwa Kiswahili atasema kwamba ba be bi bo bu si jambo jipya. Ni kweli. Silabi za namna hiyo zilikuwapo kabla ya Freire, na zinafaa sana katika lugha kama Kireno na Kiswahili ambamo herufi na sauti hufuatana karibu siku zote. Kwa Kiingereza ni shida kubwa zaidi, kama kila mtu aliyeshindwa imla anavyojua. Sifa ya Freire si kuzigundua silabi. Alichofanya ni kuchunguza kwanza neno lipi limstahili mtu mzima, kwa kuwa vitabu vya kisomo vya siku zile viliwapa watu wa miaka 50 sentensi za kitoto kuhusu ndege na zabibu, hata mahali ambapo zabibu hazijaonekana.

Majaribio yalianza kwa watu watano tu mjini Recife, na wawili wakaacha baada ya siku chache. Lakini waliobaki walisonga mbele kwa upesi wa ajabu. Baadaye likaja jaribio lililompatia jina, katika mji wa Angicos, jimbo la Rio Grande do Norte. Angicos ni mji mdogo wa barani, wenye jua kali na vumbi. Fedha zilitoka katika msaada wa Marekani kwa nchi za kusini mwake, na viongozi wa maduara walikuwa vijana wa chuo kikuu kutoka Natal. Mwezi wa Januari, 1963, watu kama 300 waliandikishwa. Walikuja usiku baada ya kazi, wengine wakiwa na watoto wao. Mafundisho yalipangwa yawe ya saa 40 tu.

Tarehe 2 Aprili, 1963, Rais wa Brazil mwenyewe, João Goulart, alifika Angicos kufunga masomo. Mwanafunzi mmoja mzee akaomba kusema mbele yake, jambo ambalo halikuwamo katika ratiba. Akaeleza kwamba zamani rais mwingine aliwaondolea njaa ya tumbo, na sasa wameondolewa njaa ya kichwa. Katika wageni wa siku ile alikuwapo jemadari mmoja, Humberto Castelo Branco, mkuu wa majeshi ya upande ule. Inasimuliwa kwamba baadaye alimwonya mmoja wa wahusika kwamba elimu ya namna ile ni kuwanenepesha nyoka wenye sumu katika nyika. Wasomaji walishike jina lake pia.

Serikali ikaamua njia ya Angicos ienezwe nchi nzima. Mpango wa taifa ulitangazwa Januari 1964, na Freire akapewa kuuongoza. Yalitazamiwa maduara kama 20,000 na wanafunzi wapatao milioni 2. Mpango haukufika mbali. Mwanzoni mwa Aprili 1964 majeshi yakapindua serikali. Mpango ukafutwa mwezi huo huo, picha za Brennand zikachukuliwa, na jemadari yule aliyekuwa mgeni wa Angicos akawa Rais. Freire akakamatwa, akatiwa gerezani zaidi ya miezi miwili, na kuhojiwa mara nyingi. Aliposhutumiwa kuwa adui wa nchi na wa dini, yeye Mkatoliki wa kila Jumapili, sijui alijizuia vipi kucheka. Yasemekana ofisa mmoja gerezani, asiyejua sana habari zake, alimwomba awafundishe kusoma askari wapya. Freire akamweleza kwamba kazi hiyo hasa ndiyo iliyomleta pale.

Alipotoka akakimbilia Bolivia, ambako pia mapinduzi yalitokea mara, na mwisho wa mwaka 1964 akaingia Chile. Huko alikaa hadi 1969, akifanya kazi na wakulima waliopewa ardhi na serikali. Huko pia aliandika kitabu chake kinachojulikana kuliko vyote, juu ya elimu ya walioonewa, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1970 na kusomwa dunia nzima, wakati nchini kwake kilikuwa hakijaruhusiwa. Kitabu hicho ni kigumu. Nimekijaribu kwa Kiingereza na sikufika mwisho, lakini sehemu anapoeleza mwalimu anayeweka maarifa katika kichwa cha mwanafunzi kama mtu anavyoweka fedha benki inaeleweka upesi na kila aliyewahi kukariri. Baada ya Chile alifundisha kwa muda mfupi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kisha mwaka 1970 akahamia Geneva, Uswisi, kufanya kazi ya elimu kwa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kutoka huko akaanza kuzuru nchi za Afrika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Tanzania. Mtu aliyekatazwa kukanyaga nchi yake aliposhuka Dar es Salaam alijiona kama aliyerudi nyumbani. Aliandika baadaye habari za rangi ya anga na bahari, za minazi, miembe na mibibo, harufu ya udongo, ndizi, samaki wa kupikwa kwa nazi, na namna watu wanavyotembea, vyote vikimkumbusha Recife. Watu wa pwani wakisoma maneno hayo hawatashangaa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam ilichapa mhadhara wake juu ya njia za uchunguzi, na ndani yake alirudia jambo lile lile alilofundishwa na mfanyakazi wa Recife: wanakijiji wasiwe vitu vya kuchunguzwa, bali wawe wachunguzi pamoja na mtaalamu.

Alikuta kazi imekwisha kuanza hapa. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na huko Mwanza, tangu 1968, kulikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, uliofundisha kusoma kwa kupitia kazi za watu, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Haingekuwa haki kusema kwamba Freire ndiye aliyeleta kisomo Tanzania. Mwaka 1967 kama watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma. Baada ya mtihani wa taifa wa mwaka 1975 hesabu ilishuka hadi 39. Bibi yangu, mzaa mama, ni mmoja wa waliofanya mtihani ule. Alikwenda darasa la ngumbaro jioni, mtoto mgongoni, na mpaka leo akisoma ujumbe wa simu huutamka silabi moja moja kwa sauti, kisha hurudia neno zima.

Kwa Freire mwenyewe, Afrika haikuwa ushindi mtupu. Guinea-Bissau ilipopata uhuru, serikali yake ilimwalika, na tangu 1975 akafanya kazi nao kwa bidii. Lakini kisomo kilifundishwa kwa Kireno, lugha ya mtawala aliyeondoka, ambayo watu wengi wa vijijini hawakuisema kabisa. Freire alishauri Krioli, lugha ya watu, itumike. Uamuzi ulikuwa wa serikali, nayo ilishika Kireno. Matokeo yakawa hafifu sana. Nani ataokota silabi na kutunga neno katika lugha asiyoijua? Wengine wamemlaumu Freire kwa kukubali kuendelea, nami nadhani lawama hiyo ina uzito, kwani kanuni yake ya kwanza ilikuwa maneno yatoke vinywani mwa wanafunzi. Tanzania ilikuwa na Kiswahili, na hapo naona siri kubwa ya tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa kisomo walilijua kwa uzoefu. Saa 40 zinaweza kumfanya mtu asome sentensi, lakini asipopata cha kusoma baadaye husahau. Ndiyo maana huku kwetu kulichapwa magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho na kufunguliwa maktaba vijijini. Angicos haikupata nafasi hiyo, maana askari walifika kwanza.

Mwaka 1980 Freire akarudi kuishi Brazil baada ya miaka karibu 16 ugenini. Akafundisha katika vyuo vikuu, akaandika. Mwaka 1986 Bibi Elza akafa, na waliomwona Freire siku zile walidhani naye atamfuata. Miaka miwili baadaye akamwoa Ana Maria, aliyekuwa amefiwa na mume, binti wa yule Bwana Aluízio Araújo aliyempokea bila karo. Tangu 1989 hadi 1991 akawa msimamizi wa elimu wa jiji la São Paulo, akiwa na shule nyingi zenye mapaa yanayovuja mikononi mwake. Akaanzisha humo kisomo cha watu wazima kwa kushirikiana na vyama vya mitaa. Akafariki kwa ugonjwa wa moyo mjini São Paulo tarehe 2 Mei, 1997. Mwaka 2012 sheria ya nchi ile ile iliyomfunga ikamtaja kuwa msimamizi mtukufu wa elimu ya Brazil, ijapokuwa wako Wabrazil hata sasa wasiotaka kulisikia jina lake.

Alijaliwa kuona sharti la kusoma na kuandika likiondolewa katika sheria ya uchaguzi. Hilo lilifanyika mwaka 1985, miaka 22 baada ya Angicos, na tangu hapo Mbrazil asiyejua kusoma huweza kupiga kura yake kama wengine.